Kitumbua cha Fanueli

Jumatatu, 5 Mei

Nimeanza darasa la kompyuta. Fundi baiskeli wa Ngamiani, mvi kidevuni, naketi benchi moja na watoto wa juzi! Mwalimu anaitwa Praxeda. Binti mdogo, sauti ndogo, miwani mikubwa. Ametuagiza kila mmoja aandike shajara, ajionee mwenyewe anavyosema "kama" siku nzima bila kujijua. Upuuzi. Naandika.

Somo la leo ni ifu. Ukiipa kompyuta ifu, inauliza kwanza, halafu ndiyo inatenda. Kama mvua inanyesha, basi chukua mwavuli. Kama hainyeshi, inakwenda kwenye elsi, yaani la sivyo: acha mwavuli nyumbani. Basi! Ndiyo elimu yenyewe. Watu wanapanda ndege kwenda kusomea mwavuli.

Mbele kabisa kaketi Fanueli. Karani mstaafu wa shamba la mkonge, Msambaa wa Lushoto, kapanga chumba mtaa wa pili. Tanga hii ya joto, yeye na sweta. Mwalimu akiuliza, kidole juu. Hajauliza, kidole juu. Akatoa mfano wa ng'ombe na zizi, darasa zima likapiga makofi. Mimi nikatoa wa baiskeli na pancha. Mwalimu akasema ni mzuri, ila sikuweka elsi.

Ng'ombe!

Jumanne, 6 Mei

Ifu ni tamu. Nimeitumia kutwa. Karakanani nimetundika kibao: Kama huna haraka, basi keti. La sivyo, nenda kwa fundi mwingine. Kufika adhuhuri wateja wote wameshakwenda kwa fundi mwingine. Watu wa siku hizi hawasomi mpaka mwisho, na wakisoma wanatii.

Nyumbani nikamwambia mke wangu Asmahani: kama chai imepoa, basi ipashwe. Akasema kama mikono unayo, basi jiko lile pale. Kajifunza wapi huyu?

Asmahani hukaanga vitumbua kibarazani kwetu kila asubuhi. Nitasema kweli, ni vitamu. Mtaa mzima unavijua. Fanueli hapitwi hata siku moja. Huvua kofia, hula pale pale amesimama, kisha husifu. Leo kasema kwao hata harusini hajaona kitu kama hiki. Asmahani akacheka. Mimi hajanichekea hivyo tangu Nasra, binti yetu, hajaota meno, na Nasra ameshaolewa Korogwe. Tena Fanueli anapewa vile vya rangi ya asali. Mimi napewa vilivyoungua. Nikiuliza, naambiwa vilivyoungua haviuziki, na mume si mteja.

Jumatano, 7 Mei

Leo nimefanya jambo.

Jana darasani Fanueli alipata zoezi lote. Mimi kompyuta ilinitolea mistari myekundu kama mtu aliyechapwa. Asubuhi natoka kibarazani, namkuta huyo na sweta lake, kitumbua shavuni, anamweleza mke wangu ifu! Mke wangu. Ifu yangu. Na Asmahani anaitikia kwa kichwa, anaelewa.

Damu ikanipanda. Wateja wamejaa. Nikasimama kizingitini, nikanyoosha kidole, nikasema kwa sauti ya kusikika sokoni: kama ukimuuzia tena Fanueli kitumbua, basi umeachika.

 Mafuta tu ndiyo yaliyokuwa yakisema. Fanueli akaacha kutafuna. Akakishika kile kipande kilichobaki kama mtu aliyeachiwa yai la watu, akaondoka taratibu. Asmahani akageuza vitumbua vyake, kimoja baada ya kingine, mpaka vikaisha. Ndipo akaniuliza: Baba Nasra, umesikia ulichosema? Nikamjibu nimesikia, na muundo wake ni sahihi. "Kama" ipo, "basi" ipo.

Nikaenda kazini kifua mbele. Nikiwa natia upepo gurudumu la mteja, nikakumbuka.

Naungama hapa, maana karatasi haicheki. Talaka mbili nilishazitoa zamani. Moja kwa ajili ya chumvi, nyingine siku timu yangu ilipofungwa nyumbani. Mara zote mbili nilimrejea. Hii ikianguka ni ya tatu. Na ya tatu hairejewi.

Gurudumu likapasuka.

Alhamisi, 8 Mei

Nimekwenda kwa Maalim Tahiri wa msikiti wetu. Nikamkuta anakata kucha. Nikamweleza kitaalamu, nikaanzia kwenye mwavuli. Akasema hana habari na mwavuli, niseme nilichosema. Nikasema. Mkasi ukasimama.

Alinisuta mpaka nikatamani kuwa gundi ya viatu. Talaka si bembea ya watoto! Mtu mzima na ndevu zake, anaitundika ndoa yake kwenye kitumbua! Alipochoka akaniambia hakuna kilichoanguka. Neno limening'inia tu. Asmahani ni mke wangu kama alivyokuwa jana. Ila siku atakayomuuzia Fanueli kitumbua, yamekwisha.

Nikamwuliza linafutwaje. Kwenye kompyuta kuna kitufe, unabonyeza, kosa linaondoka kama halikuwapo. Maalim akasema mdomo haukuumbiwa kitufe hicho. Nikamwuliza kama kuna maalim mwingine karibu. Akanionyesha mlango.

Nimetubu. Nimetubu kweli, astaghfirullah. Machozi yalinitoka njiani, mpaka kijana wa bodaboda akasimama kuniuliza nimefiwa na nani.

Jioni nikamsihi Asmahani aache biashara ya vitumbua. Nikapendekeza mihogo. Akasema vitumbua vyake vilikuwapo kabla yangu, na mabati ninayolala chini yake ni vitumbua. Akachukua mto wake, akahamia chumba cha Nasra.

Ijumaa, 9 Mei

Nina mpango! Mwanamume hakosi akili. Kama neno halifutiki, basi lisipate upenyo wa kutokea.

Nimeazima kompyuta kuukuu ya darasa, ile yenye ufa kiooni. Nimeandika programu mwenyewe. Kila mteja atasema jina, nitaliandika, kompyuta itaamua. Kama mteja ni Fanueli, basi afukuzwe. La sivyo, auziwe. Na elsi nimeiweka, wasije wakasema!

Mwalimu Praxeda akaomba aitazame kwanza. Nikamwambia mambo ya nyumbani hayakaguliwi na watoto. Fanueli naye akajitolea kuipitia. Fanueli! Mwizi anajitolea kukagua kufuli.

Nilipomweleza Asmahani, akaniuliza kama nadhani yeye hamjui Fanueli kwa sura. Nikamwambia binadamu hukosea, mashine haikosei. Akanitazama muda mrefu. Nadhani alivutiwa.

Jumamosi, 10 Mei

Aibu. Aibu tupu.

Niliiweka kompyuta juu ya ndoo ya mchele, waya nikaupitisha dirishani. Mteja wa kwanza, kijana wa bodaboda. Nikaandika jina lake. Kompyuta ikaandika: WEWE NI FANUELI. ONDOKA. Akacheka. Nikasema ni umeme. Wa pili, mama muuza mchicha, na ujauzito wake mkubwa. WEWE NI FANUELI. ONDOKA. Foleni ikafika kwa muuza mkaa. Wote Fanueli! Mtoto wa chekechea na sare yake, Fanueli. Maalim Tahiri kaja na tasbihi mkononi, Fanueli. Akakitazama kioo, akanitazama mimi, akaenda zake kununua mkate.

Kisha akafika mama mkwe. Bi Tausi, kutoka Nguvumali, kapakiwa nyuma ya baiskeli, kafuata habari iliyomfikia kabla ya adhana. Shikamoo mama, marahaba. Nikasema moyoni, kwa mama mkwe haiwezi kukosea, hata mashine ina adabu. Nikaliandika jina lake vizuri.

Haina adabu.

Bi Tausi akasomewa na wenye kujua kusoma, kwa furaha kubwa. Akasema amezaliwa Tanga, amezeekea Tanga, na hajawahi kufukuzwa na sanduku kwenye kibaraza cha mwanawe. Hakuondoka. Akavuta kigoda akaketi mbele yangu kama mdai. Vitumbua vikapoa. Wateja wakatawanyika wanacheka. Asmahani akainuka, akaingia ndani kuelekea uani. Uso sikuuona.

Kutwa nzima Ngamiani watu wanaamkiana: Hujambo Fanueli? Sijambo, sijui wewe Fanueli! Hata muuza kahawa. Mwenye jina lake nilimwona kwa mbali tu, kupitia mlango ulio wazi, anapita uchochoro wa uani mbio mbio, sweta limemlowa manyunyu. Anajificha. Anajua alichokifanya.

Jumapili, 11 Mei

Nimemvizia Fanueli akirudi kutoka kanisani. Mpango wangu ulikuwa mzuri: nimwambie kuna daktari kagundua kwamba tui la nazi linawadhuru watu wa milimani. Nimkate hamu, mambo yaishe.

Nikamkuta chumbani kwake, mbele yake mkate mkavu na chai ya rangi. Hata siagi hamna. Nikamwuliza kulikoni. Akasema tangu siku ile hapiti tena mbele ya nyumba yetu. Anazungukia nyuma, kwenye mitaro, maana harufu ya iliki humvuta na mwili ni dhaifu. Akasema nyumba ya jirani ni nyumba, haivunjwi kwa ajili ya kitumbua. Akasema Mama Nasra ni kama dada yake, na kama kwa kusifu vitumbua aliniudhi, basi nimsamehe.

Yeye aniombe msamaha mimi! Mtu mwoga kiasi hicho sijapata kuona. Nikaketi pale natafuta la kumdharau. Nilipata sweta tu.

Ile habari ya tui sikuisema. Nilikula nusu ya mkate wake. Akataka kunionyesha programu yangu ilikosea wapi. Nikakataa, nikaaga kwa ubaridi.

Jumatatu, 12 Mei

Kumbe ni alama moja! Praxeda katufundisha leo, bila kutaja jina la mtu, na darasa zima likageuka kunitazama. Ukiweka alama moja ya sawasawa, ni amri: mfanye mteja awe Fanueli. Ukiweka mbili, ni swali: je, mteja ni Fanueli? Mimi niliweka moja. Kila aliyekuja nilimfanya Fanueli kwa mkono wangu, kisha nikamfukuza. Watu walicheka mpaka benchi likayumba. Fanueli peke yake hakucheka. Anajifanya.

Kisha mwalimu akaongeza neno. Akasema tusijivune na masharti tunayoyaandika. Mwenye kuandika sharti si mwenye kuamua. Anayeamua ni yule aliyekaa kwenye vitufe, anayejaza jibu. Ukishaandika ifu, umempa mwenzio ufunguo.

Maneno mazuri! Nikayabeba mpaka nyumbani yasimwagike. Asmahani alikuwa anaroweka mchele. Tangu siku ile hanisemeshi zaidi ya "chakula hicho". Nikaona nimpe elimu, pengine itamlainisha. Nikamweleza vizuri sana, nikachora na mkaa sakafuni: huyu mwandishi, huyu mbonyezaji. Mkono wake ukatulia ndani ya mchele. Akauliza: kwa hiyo wewe uliandika tu, anayebonyeza ni mimi?

Barabara! nikamwambia. Kaelewa haraka kuliko nilivyotegemea.

Akatabasamu. Nadhani ananisamehe.

Jumanne, 13 Mei

Hakunisamehe.

Asubuhi nimekuta sahani ndogo kando ya jiko, imefunikwa kawa la ukindu. Nikafunua. Kitumbua kimoja, rangi ya asali, duara kama mwezi. Nikanyoosha mkono. Asmahani akasema kiache, hicho cha Fanueli.

 Nikamkumbusha sharti. Akasema analikumbuka, si yuko kwenye vitufe? Hajamuuzia mtu. Kakiweka tu. Pengine Fanueli atapita, pengine hatapita. Pengine atamwita, pengine hatamwita. Inategemea. Nikauliza inategemea nini. Akanyooshea kidole mbuzi ya kukunia nazi.

Nimekuna nazi. Mimi! Kibarazani, mbele ya halaiki, nimeikalia ile mbuzi miguu nimeitupa mbele. Wacheza drafti wa ng'ambo waliacha mchezo, wakageuza viti. Mmoja akauliza kama huo ndio ufundi wa kompyuta nilioutangaza. Nikasema huu ni mradi. Akasema mradi unadondosha machicha nje ya sinia.

Jumatano, 14 Mei

Nimekwenda Ushongo. Nyumbani nikasema nafuata spea. Astaghfirullah, uongo mdogo. Nimesikia kule pwani ya Pangani yupo mzee mmoja, maalim mpole, asiyemkatisha mtu tamaa.

Ni mpole kweli. Akanisikiliza mpaka mwisho macho kayafumba, hata nikadhani kalala. Akauliza swali moja tu: hivyo vitumbua vina iliki? Nikasema vinayo. Akasema basi anaelewa. Kisha akanipa jibu lile lile la Maalim Tahiri, neno kwa neno. Tofauti ni nauli.

Kurudi, Asmahani akaniuliza spea ziko wapi. Nikasema zimekwisha. Akasema habari za Ushongo zilishafika kwa simu, maana yule mzee ni mjomba wa mama yake.

Kawa lilikuwa limefunuliwa kidogo upande mmoja. Nimechota maji mpaka pipa likamwagika.

Alhamisi, 15 Mei

Nimekuna, nimechota, nimetwanga iliki, nimesugua chuma cha vitumbua mpaka najiona usoni. Vidole vimebabuka. Wateja wangu wa baiskeli wanaletewa habari kwamba fundi yuko jikoni.

Nikasema hapana. Tufikiri kitaalamu. Kama kitumbua hakipo, basi hakiuziki. Asmahani alipoingia ndani, nikafunua kawa nikakila. Chote, kwa mara moja, kikiwa moto wa jikoni. Ulimi ukaungua. Naungama, kilikuwa kitamu hata nikaelewa kwa nini mtu avue kofia.

Akatoka. Akafunua. Akaiona sahani tupu, akaniona mimi na machozi ya moto machoni.  Akaweka viwili.

Leo pia nimefua.

Ijumaa, 16 Mei

Baada ya swala niliitwa uani. Bi Tausi kaketi mkekani anatafuna tambuu kama hakimu. Asmahani akatoa sharti lake, na sitaficha, muundo ulikuwa sahihi kuliko wangu. Kama nataka kawa lile liondoke, basi nisimame pale pale niliposimama, mbele ya wale wale waliosikia, kwa sauti ile ile, nimwombe radhi Fanueli na yeye pia. Nikauliza, la sivyo? Bi Tausi akatema tambuu. Akasema la sivyo ni ile sahani, mkwe wangu.

Nikasimama kizingitini. Fanueli aliitwa akaja, lakini alikataa kuvuka barabara. Alibaki ng'ambo, kwa wacheza drafti, kofia mkononi. Ikabidi nipige kelele. Nikasema: Fanueli, nimekukosea! Nimemkosea mke wangu! Ulimi wangu mchafu, nisameheni! Barabara nzima ikasimama, hata pikipiki.

Naungama. Nusu ya kwanza niliisema kwa ajili ya sahani. Nusu ya pili sijui ilitoka wapi. Nilimwona Asmahani kwa pembe ya jicho, upawa mkononi, hakaangi, ananitazama tu. Nikamwona kama mtu anavyomwona mke wa watu. 

Fanueli akajibu kutoka ng'ambo kwamba alisamehe siku ile ile. Kisha akasema na yeye ana neno. Jumatatu anarudi kwao Lushoto, moja kwa moja. Kajenga nyumba ndogo, miti yake ya matunda inamngoja.

Moja kwa moja! Nilitaka kuruka. Nikajikaza nikasema: ah, tutakukosa.

Jumatatu, 19 Mei

Fanueli ameondoka.

Asmahani alitaka kumfungia vitumbua vya njiani. Nikapiga ukelele wa mtu aliyekanyaga msumari. Maalim Tahiri akaitwa. Akasema zawadi si mauzo, lakini kwa mtu wa aina yangu afadhali pawe na ukuta katikati. Ikaamuliwa vitumbua nivinunue mimi, halafu nimpe kwa mkono wangu mwenyewe.

Nikapanga foleni kwa mke wangu, nyuma ya mama muuza mchicha. Zamu yangu ilipofika, Asmahani akaniuliza jina. Nikasema Luqmani. Akauliza kama nina hakika mimi si Fanueli. Foleni ikaangua kicheko. Na mimi nikacheka, haki ya Mungu, kicheko cha kweli.

Nilimsindikiza stendi. Nikampa bahasha ya vitumbua, bado ina joto. Akavua kofia. Kisha akavua na sweta, akanipa, akasema huko kwao anayo mengine. Sweta, Tanga!  Nikalipokea.

Kurudi nyumbani, sahani haipo. Mto umerudi mahali pake. Nikapata ujasiri wa kuuliza swali lililokuwa likinila wiki nzima: hivi kweli angemuuzia? Asmahani akapuliza moto kwanza. Akasema, Jumamosi ile ya mashine, alipoingia ndani, alikuwa amekwisha chukua kitumbua mkononi. Akatokea mlango wa uani. Fanueli alikuwa anapita uchochoroni. Akamwita. Akamwita tena kwa jina. Fanueli hakugeuka. Alikaza mwendo mvuani kama mtu anayefukuzwa na nyuki.

Nimeketi nikalifikiria hilo kwa muda mrefu, nimelipakata sweta lake.

Jibu ni moja. Masikio ya Fanueli ni mabovu. Na mtu kama huyo ndiye mwalimu aliyempa alama zote!

Jumatano, 21 Mei

Kwenye kiti cha Fanueli kaketi mtu mpya. Nehemia. Fundi simu, kijana, shati la kubana, nywele kachonga kama zulia. Mwalimu akiuliza, kidole juu. Na leo asubuhi yuko kibarazani kwangu. Kauma kitumbua, kafumba macho, kamwambia mke wangu vitumbua hivi si vya kuliwa na watu wa hapa, ni vya kusafirishwa. Asmahani akacheka. Kicheko kile kile.

Sikukurupuka. Nimejifunza! Talaka siitaji tena hata ndotoni, nimemwahidi Maalim, na sweta nimelivaa liwe ukumbusho, jasho linanitiririka. Nikafikiri kwa utulivu. Sharti lenyewe halina ubaya. Ubaya ulikuwa kwenye kile nilichokiweka baada ya neno "basi". Weka pale kitu kisichovunja nyumba. Weka mzigo juu yako mwenyewe! Maana mke gani, mwenye imani, atapenda kumwona mumewe akiteseka?

Nikasimama kizingitini. Nikanyoosha kidole. Nikasema: Wallahi, kama ukimuuzia huyu kitumbua kingine, basi vitumbua vya hapa nitavikaanga mimi mpaka Ramadhani.

Kidole hakijashuka, Asmahani kamgeukia Nehemia. Akamwuliza kwa sauti laini kama tui: mwanangu, nikuongeze vingapi?

Vitano, akasema yule mlafi.

Mchele nimeuroweka. Nazi zimepangwa, mbuzi imewekwa tayari mlangoni. Wacheza drafti wameshahamishia viti vyao upande wetu, na Bi Tausi kaleta salamu kwamba kesho alfajiri atakuja kutazama.

Nimelipitia sharti langu mwanzo mpaka mwisho. Kama ipo. Basi ipo. Muundo ni sahihi kabisa. Kosa ni dogo tu, na mwalimu aliniambia tangu siku ya kwanza: sikuweka elsi.

Kesho naiweka.